Zamu ya Ufunguo

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, fundi alikigeuza kiti chake mpaka sikio la kulia lielekee mlangoni. La kushoto lilikuwa halisikii kitu tangu siku ya bomu. Hakupenda mtu amtokee upande huo bila yeye kujua.

Siku hiyo alikuwa anashona sare za shule. Sketi kumi na mbili, zote za buluu, zote zina pindo linalosumbua. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa sakafuni kwenye kibao chake kifupi, anachambua mchele. Hakuwa anaishi pale. Ila alikuja kila siku, na kila siku alisema amepita tu.

"Nimekuita mara tatu," wifi alisema.

"Umeniita kushoto."

"Basi ndiyo maana. Sikio la kufa halisikii dawa, na hilo lako limeshakufa na kuzikwa."

Fundi alicheka kidogo. Ni wifi peke yake aliyethubutu kulitania sikio lile. Watu wengine walimsemesha taratibu kama mgonjwa. Tena walikuwa wameacha kumwita Fundi. Walimwita Manusura. "Manusura, umeamkaje?" "Manusura, nguo yangu lini?" Nia yao ilikuwa njema, tusiwalaumu. Manusura ni mtu aliyeponea chupuchupu, na wao walifurahi kwamba amepona. Lakini yeye, kila akiitwa hivyo, aliona kama anasutwa. Alikuwa na jambo ambalo hajamwambia mtu. Jambo lenyewe lilikuwa kwenye kopo la vifungo, chini kabisa.

Ngoja nieleze hiyo siku ya bomu. Nitaieleza mara moja, maana hata mimi sipendi kuirudia.

Soko lao lilikuwa la ndani, lenye paa na milango miwili. Mlango wa mbele ulikuwa wa wateja. Wa nyuma ulikuwa wa kuingizia mizigo alfajiri. Ikifika saa tatu asubuhi, ule wa nyuma ulifungwa kwa kufuli linalofikika ndani na nje, kwa sababu wezi walikuwa wakitorokea huko na mali za watu. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Wafanyabiashara waliushika kwa zamu, kila mtu wiki yake, na zamu ziliandikwa kwenye daftari. Kushika ufunguo ilikuwa heshima. Fundi alipofikiwa na zamu, aliufunga kwenye ncha ya futi yake ya kupimia nguo, na futi akaivaa shingoni ili asije akaupoteza.

Saa nne ya siku hiyo alitoka kwenda duka la ng'ambo ya barabara kununua uzi mweusi. Mumewe, ambaye alikuwa fundi viatu, alibaki ndani kwenye meza yake, misumari mdomoni. Hawakuagana. Nani anaaga anapokwenda kununua uzi? Nyuma yake akaingia mtu mmoja mwenye begi. Akaliweka karibu na mlango wa mbele, akatoka. Waliomtuma walikuwa na ugomvi wao na wakubwa, na waliamua kuumaliza kwa watu wanaonunua vitunguu.

Begi lililipuka. Fundi, ambaye alikuwa bado barabarani, alirushwa mpaka mtaroni, akazimia. Mlango wa mbele ukashika moto. Waliokuwa ndani wakakimbilia nyuma. Mtu fukara tunasema hana mbele wala nyuma. Siku ile soko zima lilikuwa halina mbele wala nyuma. Walikufa watu kumi na tisa. Wanane waliuawa na bomu. Kumi na mmoja hawakuwa hata na jeraha. Walikutwa kwenye mlango wa nyuma, wameuawa na moshi, na fundi viatu alikuwa mmoja wao. Ufunguo ulikuwa nje, mtaroni, shingoni mwa mkewe.

Daftari la zamu liliungua. Katika msiba ule mkubwa hakuna aliyeuliza zamu ilikuwa ya nani, au kama yupo aliyekumbuka, alinyamaza. Fundi naye alinyamaza. Alipotoka hospitali aliufungua ufunguo kutoka kwenye futi, akauzika kwenye kopo la vifungo. Hapo ndipo ulipokaa miaka miwili.

"Hodi humu ndani."

Alikuwa mwenyekiti wa soko, muuza nafaka, mtu mwenye tumbo kubwa na moyo mwema. Alikaribishwa kiti, akakaa, akafuta jasho.

"Manusura, nimekuletea habari njema," alisema. "Soko jipya limekwisha. Jumamosi ya wiki ijayo tunafungua. Meza yako ipo palepale, hatukumpa mtu."

"Ahsante, mwenyekiti."

"Halafu kuna hili. Tumekaa kamati. Mlango wa nyuma tumeuwekea kufuli jipya. Hili huvunji, hata uje na nyundo. Tumeamua kwa kauli moja kwamba zamu ya kwanza ya ufunguo iwe yako. Kwa heshima yako."

Akauweka ufunguo juu ya cherehani, karibu na sketi ya buluu. Ulikuwa mpya na unang'aa.

Miguu ya fundi iliacha kukanyaga. Wifi ndiye aliyejibu.

"Tunashukuru sana, mwenyekiti. Kaka yangu angefurahi mno."

Mwenyekiti alipoondoka, fundi alikwenda uani akatapika. Wifi alidhani ni mchele wa jana.

Kesho yake alikuja sajini wa zimamoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Alikuja kuchukua suruali yake ya kazi iliyochanika goti. Fundi alikuwa bado hajaigusa. Ufunguo ulikuwa palepale ulipoachwa. Fundi alikuwa ameshindwa kuushika, na kwa hiyo hakuwa ameshona chochote tangu jana.

"Samahani, afande. Sijaimaliza."

"Si kitu. Huo ni ufunguo wa nini?"

"Wa mlango wa nyuma. Sokoni."

Sajini alivuta kiti akakaa. Aliutazama ufunguo kwa muda.

"Kwa hiyo wameweka kufuli tena," alisema. "Nimewaandikia barua mbili. Wanasema sisi zimamoto tunapenda kutisha watu."

"Wanaogopa wezi."

"Najua. Lile kufuli la zamani nililikata mimi, unajua? Nilitumia dakika nne. Siku nyingine yoyote dakika nne si kitu. Hata chai haichemki." Akausogeza ufunguo pembeni kwa kidole. "Nilipofungua, hakuna aliyetoka."

Hapo fundi alishindwa. Alichukua kopo la vifungo akalimwaga lote juu ya sketi. Vifungo viliviringika mpaka mlangoni. Katikati yake kulikuwa na ufunguo mwingine, mweusi.

"Zamu ilikuwa yangu," alisema. "Nilikuwa nao shingoni. Mume wangu alikuwa anagonga mlango, na mimi nina ufunguo shingoni."

Alilia kwa sauti. Sajini hakumwambia nyamaza. Wala hakumwambia yamepita, maana hayakuwa yamepita. Aliokota vifungo kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kopo, mpaka kilio kilipopungua.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Wifi yako?"

"Nitamwambiaje? Alikuwa kaka yake wa pekee."

"Unalala?"

"Kidogo. Kitu kikigonga naruka. Kikombe tu kikianguka, natetemeka saa nzima. Nadhani nimepata wazimu."

"Hujapata wazimu. Mwili wako bado uko kule mtaroni, haujaambiwa kwamba hatari imeisha. Hutokea kwa wengi waliopitia mambo kama yako. Hata mimi yalinipata. Kituo cha afya kuna mshauri, yule mama wa chumba cha mwisho. Mimi nilikwenda kwake miezi mitano. Kazi yake ni kusikiliza na kukufundisha namna ya kutulia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nenda."

Fundi alifuta macho kwa ukingo wa sketi ya shule.

"Niambie kweli, afande. Niliwaua mimi?"

Sajini aliliweka kopo juu ya cherehani.

"Aliyewaua ni yule aliyeleta begi. Dhambi hiyo ni yake na waliomtuma, usiibebe. Lakini kufuli lilikuwa letu. Sisi zimamoto tulipita pale kila mwaka tukaliona, tukasema tutawaambia mwakani. Kamati iliamua kulifunga. Ninyi wote mkashika zamu. Begi hatukuweza kulizuia, wala hatukulijua. Kufuli tunaliweza."

"Na wezi je?"

"Wezi wana dawa yao. Nipe hiyo futi."

Akaichukua futi ya fundi, akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Sikiliza. Mlango wa dharura una mambo yake. Kwanza, ufunguke kwenda nje. Ule wenu wa zamani ulikuwa unafunguka kwenda ndani. Watu wakiwa wengi wanausukuma, basi wao wenyewe ndio wanaoufunga, hata usipokuwa na kufuli. Pili, ufunguliwe kutoka ndani bila ufunguo. Kuna chuma kinacholazwa katikati ya mlango. Ukikisukuma kwa kiganja, au hata kwa tumbo, mlango unafunguka. Kwa nje hauna kishikio, kwa hiyo hakuna anayeingia. Na unawekewa kengele. Mwizi akitoka huko, soko zima linajua."

"Mtoto anaweza kuufungua?"

"Mtoto, mzee, mama aliyebeba mzigo. Gizani pia. Halafu uwe mpana." Akanyoosha futi. "Sentimita tisini watu wanabanana. Kwa soko kama lile, usipungue mita moja na nusu. Na asiwepo mtu wa kupanga magunia mbele yake."

Fundi alikuwa anasikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza vipimo vya mteja. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliushika ule ufunguo mpya.

"Jumatano kuna mkutano," sajini alisema. "Mimi nikisema, watanisikia kwa heshima na wataendelea na kufuli lao. Wewe ukisema, ni jambo lingine."

"Nikisema nitampoteza wifi."

"Huenda," alisema sajini. Hakudanganya.

Jumatano mchana walikutana ndani ya soko jipya. Rangi ilikuwa bado inanuka. Fundi alikaa mstari wa nyuma, wifi upande wake wa kulia. Sajini alieleza kuhusu mlango. Watu walimpigia makofi. Kisha mwenyekiti akasimama.

"Tunamshukuru afande," alisema. "Lakini tuseme ukweli. Bomu liliwekwa mbele. Mlango wa nyuma una kosa gani? Na jamani, ajali haina kinga. Siku yako ikifika imefika. Kufuli libaki, zamu ziendelee, na zamu ya kwanza tumempa Manusura wetu."

Makofi tena. Fundi alisimama. Akashika mgongo wa kiti cha mbele.

"Msiniite Manusura," alisema. "Bado sijawaambia nilinusurikaje."

Alivua futi shingoni. Kwenye ncha yake alikuwa ameufunga ufunguo wa zamani, kama siku ile.

"Huu ni wa kufuli la zamani. Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Nilifunga saa tatu, kama tulivyokubaliana. Saa nne nilikwenda kununua uzi. Watu kumi na mmoja walikufa pale nyuma bila jeraha, na mume wangu mmoja wao, na mlango ulikuwa mzima. Mwenyekiti, unasema ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo. Nilikuwa nimeivaa shingoni."

Akauinua ufunguo, wote wauone.

"Ningekuwa ndani, labda ningefungua. Labda ningeanguka kwa moshi kabla ya kufika. Sijui, na sitajua. Lakini najua kwamba roho za watu wote hazifai kuwa mkononi mwa mtu mmoja ambaye anaweza kuishiwa uzi. Huu mpya siuchukui. Na ninawaomba, asiuchukue mtu yeyote."

Akaketi. Kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu. Wifi alikuwa ameshatoka.

Mwenyekiti alibaki amesimama. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Lile kufuli nililinunua mimi. Nilichagua gumu kuliko yote." Akakaa chini, akafunika uso kwa kofia yake. Kumbe naye alikuwa na lake. Watu waliona haya kumtazama. Mkutano uliisha bila kufungwa, lakini kufuli liling'olewa jioni ileile, na ufunguzi wa soko ukaahirishwa.

Siku kumi wifi hakuja. Fundi alichambua mchele mwenyewe, akaupika, akala nusu. Alikwenda kituo cha afya, chumba cha mwisho. Alizungumza, alilia, alifundishwa kupumua polepole akisikia kishindo. Akirudi nyumbani aliona kibao cha wifi sakafuni, na maumivu yakaanza upya.

Siku ya kumi na moja, mchana, wifi aliingia bila hodi. Hakusalimia. Alichukua kile kibao, akakipeleka upande wa kushoto wa fundi, upande usiosikia, akakaa. Akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Fundi hakusikia neno hata moja. Aliona kivuli cha mikono sakafuni, kinapanda na kushuka. Alihisi goti la wifi likitetemeka karibu na lake. Alielewa kwamba hayo ni maneno ambayo hayawezi kusemwa kwenye sikio zima. Hakugeuka. Aliendelea kushona, na machozi yakadondoka kwenye kitambaa. Alishona mshono mzima ukaenda upogo, ikabidi aje aufumue kesho yake.

Kisha wifi alisimama, akahamisha kibao kulia.

"Nimemaliza," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Sijakusamehe. Labda nitakusamehe, labda hakuna cha kusamehe, sijui. Nimechoka kujua. Una mchele?"

"Upo."

"Lete niuchambue. Najua umekula mawe siku kumi."

Huo ndio mwanzo wa yaliyofuata. Fundi na wifi walizunguka na karatasi, mlango kwa mlango, wakaomba watu watie saini ili baraza la mji lilipie mlango sahihi. Wifi ndiye aliyekuwa mdomo, na fundi alikuwa na futi. Walipata saini mia nne na kitu. Mwenyekiti alitia ya kwanza. Baraza lilichelewa, likasema halina fungu, likaambiwa na wifi mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hatimaye likakubali. Mlango uliwekwa: mita moja na nusu, unafunguka kwenda nje, chuma cha kusukuma, kengele juu.

Mwaka uliofuata kiti cha baraza kikawa wazi. Watu walimwambia fundi agombee. Alisema yeye ni kiziwi nusu. Wifi akasema hiyo ndiyo sifa, maana nusu ya yanayosemwa barazani hayastahili kusikiwa. Alishinda. Bado alishona asubuhi nyumbani, lakini mchana alizunguka na futi yake shuleni, kliniki, kumbi za harusi na nyumba za ibada. Alipima milango, aliondoa magunia, aling'oa makufuli. Alipokutana na walionusurika kama yeye, aliwapeleka chumba cha mwisho cha kituo cha afya, akawasubiri nje. Jina la Manusura lilikufa lenyewe. Wakamwita Fundi Milango.

Siku moja asubuhi, jiko la gesi la mama wa chai lilishika moto ndani ya soko. Moshi ulijaa haraka. Msichana muuza mayai ndiye aliyefika kwanza kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa na trei mikono yote miwili. Aliusukuma mlango kwa tumbo, na kengele ikalia mtaa mzima.

Fundi alikimbia kutoka nyumbani. Kengele ilimtia baridi mwilini. Akapumua kama alivyofundishwa, akaendelea kukimbia. Alipofika, watu walikuwa wanatoka, wengine wanakohoa, wengine wanabishana tayari nani kasababisha. Walijikusanya uwanjani kama walivyofundishwa na sajini kwenye mazoezi ya moto. Mwenyekiti alihesabu kwa vidole. Waliokuwa ndani ni themanini na watatu. Waliotoka ni themanini na watatu. Akahesabu tena, kwa sababu hakuamini, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye ukingo wa mtaro.

Sajini na wenzake walizima moto kabla haujafika kwenye meza za nguo. Mlango wa nyuma ulibaki wazi kabisa, moshi unatoka polepole.

Fundi alisimama mbele yake. Hakuweza kufurahi kama wengine. Aliutazama ule uwazi wa mita moja na nusu, akawaza jinsi ulivyo mdogo, na jinsi ambavyo ungetosha. Wifi alikuja akasimama karibu naye, upande wa kushoto. Fundi aliona kwa pembe ya jicho kwamba midomo yake inacheza.

Akageuza kichwa. "Unasemaje, wifi? Sijasikia."

"Sisemi na wewe," wifi alisema. "Namwambia kaka kwamba umefunguka."